Swali la Kumi na Nne

Nagaoka, mwezi wa pili, theluji imefika madirishani,
heita ya mafuta ya taa inakohoa nyuma ya darasa.
Wanafunzi kumi na wanane, tiketi kumi na saba,
na dodoso la maswali thelathini na mawili
nililolichapa mwenyewe, nikalibana pini,
nikaliita, kwa fahari, zana.

Wiki sita nimewafunza:
dawa ya kuhara, soksi za pamba,
maji ya chupa hata ya kupigia mswaki,
kamera isitoke mfukoni kabla ya kinywa kuomba.
Msiseme "maskini" mbele yao. Semeni "kaya".
Neno kaya halina njaa. Lina safu na namba.
Tulijifunza asante ya Kisebuano,
tukaisema kwa pamoja hadi ikachuja
kama nguo iliyofuliwa mno.
Mitsuki akauliza: wakitukaribisha chakula, tule?
Nikasema tutalitazama wiki ijayo.
Wiki ijayo ilikuja, ikapita.

Alasiri hiyo, mazoezi ya kuhoji.
Wawili wawili, magoti kwa magoti,
mmoja kalamu, mmoja kadi ya mhusika.
Rintaro hakuwa na tiketi. Alisema baba yake anaogopa ndege,
nami niliupokea uongo ule kwa mikono miwili
kama tunavyopokeana kadi za majina,
nikainama kidogo, nikauweka mezani,
sikuusoma.
Nikampa kazi: wewe utakuwa mhojiwa wetu.
"Ni mama wa watoto watano. Unaishi kando ya mfereji. Unauza mkaa."
Darasa likacheka. Naye akacheka,
akajitanda skafu ya Chihaya kichwani.

Maji mnateka wapi? Bomba la jirani.
Nani ana kazi? Mimi, na binti yangu akiamka.
Chihaya anaandika, hati yake nyembamba, safi.
Ndipo swali la kumi na nne:
mwezi uliopita, kuna siku mtu wa kaya hii
alilala bila kula?

Rintaro akaitazama kadi. Kadi haikuwa na jibu.
Akaigeuza. Nyuma, nyeupe.
Akavua skafu, akaikunja pande nne,
akasema kwa sauti ile ile ya kuitikia mahudhurio:
"Siku tisa. Si mimi kila mara. Mama hunizidi.
Husema ameshakula kazini,
na kazini kwake nakujua: kuna sabuni na ndoo."

Heita ikakohoa.
Nje, mashine ya kusukuma theluji ikapita, ikarudi.

Kuuliza si ujinga, husema watu;
kusikia je, hawakusema.
Miaka kumi na mmoja nafundisha umaskini wa dunia,
ramani ukutani, nchi za watu zimepakwa nyekundu
na yetu nyeupe kama ua la shule alfajiri,
na kila alfajiri mtoto huyu aliuvuka weupe ule
akaacha nyayo,
nami nikazikanyaga nikiingia.
Kitanda usichokilalia, naam, nakijua hicho.
Lakini hiki kilikuwa chumba changu.

Nilitazama saa. Ndicho nilichofanya.

Chihaya hakutazama saa. Hakusema pole.
Hakurukia la kumi na tano.
Aliweka kalamu chini, akaiokota tena, akauliza
swali ambalo sikulichapa:
"Na siku zile nyingine, mlikula nini?"

Rintaro akaanza. Machipukizi ya maharage,
mama anayakaanga moto mkali,
tone la siki mwishoni, si mwanzoni,
watu wote hukosea hapo, huweka mwanzoni,
na mikono yake ikapindua sufuria isiyokuwepo
hadi kengele ikalia.

Waliruka Machi, kumi na saba.
Swali la kumi na nne nililifuta, nikalirudisha, nikalifuta.
Lilisafiri hivyo, limekatwa kwa penseli, linasomeka.

Dodoso la mazoezi limo kwenye droo yangu.
Rintaro hajaliulizia. Nami,
mwalimu wa kuuliza, sijamuuliza kitu.
Chini ya ukurasa wa mwisho kuna nafasi:
mahojiano yalichukua dakika ngapi?
Hati nyembamba, safi:
hayajaisha.