Mizani Tupu

Miaka thelathini na mmoja nilikagua mizani za watu
Mwaloni Kirumba, jua likiwa bado nyuma ya mawe.
Wenye dagaa, wenye sangara, wenye furu wa kukausha
waliniita Mama Vipimo,
wengine kwa heshima, wengine kwa meno.
Niliijua sumaku inayofichwa chini ya sahani,
nilikijua kijiwe, nilikijua kidole gumba.
Na kanuni ya kwanza, ile wakaguzi wapya huisahau:
usipime kitu
kabla hujaisoma mizani ikiwa tupu.

Nikastaafu mwezi wa nane.
Wakanipa saa ya ukutani na godoro la tano kwa sita.
Shigela alikuwa na mwaka wa sita kaburini,
na saa ile, huku Mabatini, ikawa inagonga peke yake.
Ndipo sauti niliyoifungia nikiwa kidato cha pili
ikatokea mlangoni bila kukohoa,
kama mpangaji wa zamani
aliyerudi kuulizia sanduku lake.

Nilitaka utawa, wakati ule.
Baba alikuwa ameshapokea ng'ombe kumi na wanne,
na nani hurudisha ng'ombe kwa ajili ya Zaburi?
Simlaumu. Shigela alikuwa mtu mwema,
hata kukoroma alikoroma kwa adabu.

Nikapanda kivuko cha Kamanga na barua ya paroko.
Sista Leokadia akaisoma, akavua miwani.
Dirishani wanovisi walikuwa wanapalilia mihogo,
shingo zao changa kama mashina ya mpapai.
"Mama Minza, una miaka mingapi?"
"Hamsini na nane."
"Kikomo chetu ni thelathini."
Alilisema kama nilivyokuwa nikilisema mimi:
mizani hii siigongei muhuri, mama, samahani.
Sikubisha. Muhuri ni muhuri.
Akanisindikiza hadi getini, akasimama.
"Nyumba yako ina milango mingapi?"
"Miwili."
"Basi mmoja usiufunge."

Nilikasirika kivuko kizima.
Gugu maji lilikuwa limejibandika ubavuni mwa chombo,
limechanua, halina mzizi ardhini, linasafiri tu.
Nikaligeuzia kisogo.

Kumbe Utawa wa Tatu hukutana Jumapili ya pili,
darasa la chekechea, nyuma ya kanisa.
Tunakalia viti vya watoto, magoti yanagusa kidevu:
Machumu fundi friji,
Nyamizi wa mkaa, kucha nyeusi juu ya kitabu cha Masifu,
na muuguzi mmoja wa Bugando anayesinzia kwenye kila somo
na kuamka palepale kwenye Amina.
Miaka miwili ya malezi.
Ukutani: A, Andazi. B, Bata.

Mwanangu akapiga simu kutoka Geita.
"Mama, sasa tukuite Sista? Na nyumba je?"
Nyumba iko palepale, nikamwambia.
Ni mimi ninayehama.

Siku ya ahadi sikuvishwa shela.
Msalaba wa mti, mdogo, wa kamba,
na jina langu lilelile, likasomwa kwa kukosewa.
Jioni hiyohiyo mjukuu wangu Holo akatapika kitandani;
nikasali Masifu huku nafua shuka,
na nilipofika "amewashusha wenye vyeo"
maji yakakatika.
Nikacheka peke yangu, povu hadi viwikoni.

Sasa usiku napiga magoti, na kazi yangu ya zamani inaanza.
Naondoa sahanini paa linalovuja.
Naondoa deni la Nyamizi, naondoa Geita,
naondoa wanovisi na shingo zao.
Ng'ombe kumi na wanne, mmoja mmoja.
Shigela namwondoa mwisho, kwa mikono miwili.

Kisha nainama kuisoma sindano.
Inatikisika.
Inasogea kuelekea sufuri, inarudi kidogo,
inatikisika.
Nje isami wamejaa kwenye taa ya jirani.
Bado haijatulia.