Floksi Fupi

Mwezi wa nne, theluji ikingali kwenye kivuli cha banda,
zilichomoza: vidole vyekundu
vya mtoto aliyetoka nje bila glavu.
Nikahesabu machipukizi kumi na moja. Nikabakisha matano,
mengine nikayakata kwa kisu cha viazi,
maana shina lililosongwa halipumui,
na lisilopumua huvaa ukungu mweupe
kuanzia jani la chini, kama mwokaji mikate asiyenawa.

Skaidrite wa sokoni Cēsis aliniuzia ikiwa kwenye kopo la mtindi.
"Fupi hii," alisema, "haizidi goti. Haihitaji mtu."
Nikalipa, nikaondoka haraka
kama niliyeiba.

Zile za zamani zilinipita kimo.
Kila Julai Gunvaldis alizifunga kwa vijiti na kamba ya katani,
fundo moja, halafu la pili,
kamba ya la tatu ikingoja menoni,
akizisuta kama walevi anaowarudisha nyumbani:
"Simama wewe. Na wewe. Aibu gani hii mbele ya majirani?"
Mvua ya Agosti ikija, zinalala chali zote,
naye anacheka, anaanza upya.

Sasa namwagilia asubuhi, chini, penye mizizi,
jani lisilowe.
Vichwa vilivyonyauka navikata ili vingine vije.
Vuli ya tatu nitaipasua kwa sepetu, nusu nimpe Vilnis,
ambaye hupita uani akiuliza,
"Mirdza, umepanda kabichi?"

Lakini jioni, jua likisitasita kutua,
harufu inainuka. Si ya waridi.
Ni asali, na pilipili manga kidogo,
na shuka lililoanikwa nje.
Haifiki dirishani. Sharti nishuke ngazi,
nipige goti, goti hili hili bovu,
niiname kama anayenong'onezwa siri na mtoto.
Nondo wameshatangulia. Hawanipishi.

Jana usiku dhoruba ilipita.
Za Vilnis, ndefu, zimelala barabarani.
Yangu ilijikung'uta tu, kama mbwa.
Nilisimama pale ndani ya koti la marehemu, mikono mifukoni,
kidole kikagusa kamba.

Sikufikiri. Nikachomeka kijiti.
Nikafunga shina moja, lililosimama wima, lisiloomba lolote,
fundo moja, halafu la pili,
kamba ya la tatu
ingali menoni.