Namba Haikubadilika

Sukhumi, majira ya baridi ya pili baada ya vita

Simu ililia nikimenya viazi.
Nikasema halo. Upande wa pili, pumzi tu,
kisha sauti ya mwanamke, Kirusi chenye lafudhi ya kwao:
"Samahani. Nimekosea namba."
Lakini hakukata.
Nami, sijui kwa nini, sikukata.

Namba haikuwa ya makosa. Ilikuwa yake.
Meza ni yake, kiti nilichokalia ni chake,
kisu nilichoshika, chenye mpini uliofungwa uzi, ni chake.

"Mlango wa jikoni," akasema, "bado unakwama?"
Unakwama, nikamwambia. Mwaka wa pili naupiga teke.
"Uuinue kwanza. Kidogo tu,
kama unavyomwinua mgonjwa kitandani.
Halafu ndipo usukume."

Sikumshukuru. Nyumba yangu, kule Ochamchira,
imebaki dohani na ngazi tatu zisizopanda popote.
Aliyeitia kiberiti alisema lugha yake.
Kaka yangu Astamur amelala nyuma ya shule, udongo haujashuka bado.
Nilitaka kumwambia hayo yote. Nikasema:
Tulikula achari zako.
"Zote?"
Zote. Hata zile chupa za plamu.
Kimya. Kisha: "Za plamu nilizidisha chumvi."
Kweli ulizidisha, nikasema,
na tukacheka, Mungu anisamehe, tukacheka,
halafu aibu ikatushika sote wawili kwa mpigo,
mmoja huku, mmoja Tbilisi, katika chumba cha hoteli
wanamolala watu saba na sufuria moja.

"Mmepaka rangi?"
Tumepaka.
"Na mwimo wa mlango wa sebuleni?"

Hapo nikaelewa.
Mwimo haukupakwa. Si kwa huruma, nisijisifu:
rangi iliisha.
Nikavuta waya wa simu hadi ukakaza,
nikapiga magoti, ganda la kiazi limenigandia kidoleni,
nikamsomea ile mistari ya penseli, kutoka chini kwenda juu.
Herufi zenu sizijui, nikamwambia, zimejikunja mno,
lakini tarakimu ni zilezile.
Themanini na moja.
Themanini na nne: huyu amerefuka ghafla.
"Nestani," akasema. "Alilala na homa mwezi mzima, akaamka mrefu."
Themanini na tisa.
Tisini na mbili, mwezi wa tano.
Juu ya hapo hamna kitu.
Sikumwambia kuhusu mstari wa kalamu ya bluu, ulio pembeni,
wa mwanangu Daut.

Laini ikakoroma, ikakatika.

Mume wangu akaingia na kuni. Nani huyo?
Amekosea namba, nikasema,
nikaenda kutupa maganda,
nikauinua mlango, kidogo tu,
ukafunguka bila kelele,
naye akasimama na kuni zake, akinitazama.