Midomo Haikulingana

Saa tatu usiku, Nkuhungu. Umeme umerudi,
upepo unarusha mchanga kwenye bati.
Sebuleni kwa Mama Nyemo tumejaa wapangaji wote,
karanga kwenye ungo, tamthilia ya ng'ambo imetiwa Kiswahili.

Mwanamke anammenyea mwenzake chungwa.
Anamwita kitu kirefu, taratibu;
sauti ya studio inasema, "Shoga yangu."
Neno likaisha. Midomo ikaendelea.

Nikamwangalia Sechelela. Yeye akaangalia karanga.
Miaka sita tunalipia chumba kimoja,
mimi "binamu yake wa Mpwapwa."
Sijawahi kufika Mpwapwa.

Tulimzoea yule kaka wa vichekesho:
anapita akikata kiuno, anazabwa kofi, watu hoi.
Dakika mbili. Hana jina, hana mama,
hadaiwi kodi.

Na mchana, chaneli hiyohiyo, moja kwa moja kutoka bungeni,
mwendo wa bodaboda tu kutoka kwenye ungo huu,
mheshimiwa alisema watu hao hapa kwetu hawapo,
kisha akaomba adhabu yao iongezwe.
Meza zikapigwa.
Asiyekuwepo anafungwaje?
Kumbe ni rahisi:
hakuna aliyewahi kumwona akimenya chungwa.

Mama Nyemo akatema ganda.
"Wanatuficha nini hawa? Huyo si shoga yake.
Ona anavyomtazama."

Hakuna aliyecheka.
Akamsogezea Sechelela ungo, akanigeukia mimi,
akakaa hivyo kidogo.
"Kesho msichelewe," akasema. "Inaendelea."