Daftari la Kaunta

Mchana napanga maneno ya wafu.
Duka letu la uchapaji liko Barabara ya Kirinyaga, orofa ya pili,
juu ya wauza spea na harufu ya grisi.
Watu huja na picha ya pasipoti na macho mekundu:
Andika alikuwa mcheshi. Andika alipenda kanisa.
Naandika. Safu mbili, msalaba juu, nakala mia tatu,
kesho saa nne ziwe tayari.
Sijawahi kukwama kwa maiti ya mtu.

Usiku ndipo nakwama.
Huruma, orofa ya tano, daftari la kaunta mezani
(meza ni ubao juu ya mitungi miwili),
nimeandika tarehe, nimeipigia mstari kwa rula,
na chini ya tarehe
peupe kama uwanja wa shule mwezi wa Desemba.

Si kwamba hayaji. Kuna wiki yalikuja kama maji ya Jumatano:
usiku wa manane mfereji ukakohoa,
jengo zima mbio na ndoo, nami na kalamu,
nikikinga kwa karai, kwa sufuria, hata kwa kikombe cha chai,
maana yakikatika, yamekatika.
Nikamwandika Bi Kerubo, afuaye alfajiri
akigombana na mume aliyehamia Eldoreti.
Nikaandika mvua iliyochukua kiatu kimoja cha mtoto kule mtoni.
Nikamwandika baba, ambaye hakunipiga hata siku moja,
wala hakuniuliza kitu.
Kurasa kumi na saba! Nikalala na wino kidoleni, sultani mzima.

Asubuhi nikazisoma chai ikipoa.
Sultani gani huyu, joho la kuazima.
Kila sentensi imefunga tai.
Baba amekuwa mzuri kuliko alivyokuwa,
nami pia.
Kiatu tu ndicho sikukipamba,
labda kwa sababu usingizi ulikuwa umenishika.

Kisha Julai, na baridi yake ya kijivu.
Nililaumu kalamu, nikanunua nyingine.
Nililaumu stima kupotea; stima zikarudi
nikabaki sina wa kumsingizia.
Nikasema basi, nijifunge kwa mizani, kamba huenda ikanivuta:

    Kalamu haina ndimi, na wino haukuisha,
    Kosa si lake ni mimi, maneno yamenitisha,
    Kila jioni sisemi, ila siku kuzipisha,

na kituo hakikuja.
Nilikihesabu kwa vidole, mara mbili:
mizani kumi na sita za kimya.

Shitandi, mkata karatasi, ndiye msomaji wangu.
Husoma wakati wa githeri, kidole kikiacha mafuta pembeni.
Hasifu. Siku ile aliuliza tu,
"Kile kiatu. Kilikuwa cha nani?"
Sijui, nikamwambia.
"Sasa mbona uliondoka pale?"
Akarudi kwenye mashine yake, na blade ikashuka.

Wiki jana alikuja mama mmoja, hana karatasi, hana picha.
Mwanawe, miaka ishirini na sita.
Nikangoja. Nikampa kiti. Nikamtajia yale ya kawaida:
mchapakazi, mpole, kipenzi cha wengi.
Akatikisa kichwa kwa kila moja
kama mtu anayejaribu viatu visivyomtosha.
"Andika," akasema mwishowe, "alipenda ukoko wa ugali."
Akanyamaza.
Niliupanga mstari huo peke yake, katikati ya ukurasa.
Bosi akasema tunapoteza nafasi.
Nikauacha.

Leo nimeandika mistari minne, nimefuta mitatu.
Uliobaki hauna tai.
Bi Kerubo ameshaanza kufua, kumbe ni saa kumi,
na nina watu wawili wa kuzikwa Ijumaa.
Nimerudi pale mtoni. Maji yamepungua.
Kiatu ni cha kushoto, buluu, kamba imefungwa mafundo mawili,
na aliyeifunga
bado simwoni uso.