Urari

Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni,
tunakaa kwenye madawati ya watoto wa darasa la nne,
hapa Wałbrzych, theluji ikiwa nyeusi kandokando ya barabara,
sisi kumi na mmoja tulioandikiwa barua na ofisi ya ajira.
Danka alikuwa akipaka dhahabu midomo ya vikombe
mpaka kiwanda cha kaure kilipomwambia asante.
Kordian ana miaka kumi na tisa, hajawahi kuajiriwa,
na anachapa haraka kuliko anavyofikiri.
Mimi nilikaa miaka ishirini na miwili
kwenye dirisha la chumba cha taa, shimo namba mbili.

Mwalimu wetu, Bi Halszka, hana mzaha na chaki.
Anachora herufi T kama msalaba usio na kichwa:
kushoto debiti, kulia krediti.
"Kila senti ina ilikotoka na ilikokwenda.
Asiyeandika pande zote mbili hajaandika kitu."

Wiki ya kwanza nilivionea haya vidole vyangu.
Nilitafuta herufi z kama kifungo kilichoanguka chini ya kitanda;
Kordian akanyoosha mkono, akaibonyeza bila kunitazama.
Nikajifunza kupanga faili kwa alfabeti, barua kwa tarehe,
kujibu simu kwa sauti ya mtu aliyeshiba,
kusema "mkurugenzi yuko kikaoni",
mkurugenzi akiwa hayupo, kikao hakipo,
na simu yenyewe haijaunganishwa ukutani.

Lakini leja.
Leja niliifahamu kabla haijafunguliwa.

Kila alfajiri mtu alinipa kipande chake cha shaba
nami nikampa taa yenye namba ile ile.
Kipande msumarini: mtu yuko chini.
Taa rafuni, msumari mtupu: mtu yuko nyumbani, anakunywa supu.
Hakuna aliyeniambia kuwa huo ni uhasibu.
Waliniita mama wa taa, na kila Desemba wakaniletea peremende.

Jana tulipewa zoezi la kufunga mwezi:
duka la vifaa vya ofisi ambalo halipo duniani,
wadai, wadaiwa, kodi ya pango, bahasha katoni nne.
Nikajumlisha. Nikarudia. Pande mbili zilikataa kupatana
kwa tofauti ya mia tatu na kumi na saba.

Kalamu ilisimama.
Bi Halszka akainama begani kwangu, akinukia kahawa:
"Ni kidogo tu. Itafute, imejificha mahali."
Angejuaje.
Mia tatu na kumi na saba ni Wincenty Pyrek,
Februari, zamu ya usiku, kipande cha shaba msumarini
na rafu yenye nafasi moja.
Asubuhi nilihesabu. Mchana nikahesabu.
Meneja akaja na kalamu nyekundu, akaniamuru niandike
"taa: imepotea", ili zamu ifungwe.
Nikaandika. Upande mmoja tu.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Mimi daftari nilikuwa nalo.

Kosa nililiona saa mbili kasoro robo:
ankara ya bahasha, nimeiingiza debiti, nikasahau kuivusha.
Nikaivusha. Urari ukakaa, pande zikatazamana
kama watu wawili mlangoni, kila mmoja akimpisha mwenzake.
Danka akapiga makofi. Kordian akasema, "Safi, mama."

Nyumbani sikuwasha televisheni.
Nikafungua daftari la mazoezi, nikachora T.
Kushoto: taa moja, betri yake, mkanda.
Kulia: Otylia, anayeuza soksi sokoni kwa mikono mitupu,
mchezo wa dama aliouacha nusu na mume wangu,
"habari za alfajiri" yake, elfu kadhaa,
ambazo sikuzitolea stakabadhi.
Sikujumlisha.

Mtihani ni tarehe kumi na nne.
Inasemekana idara ya maji inatafuta karani wa mapokezi,
mshahara mdogo, dirisha kubwa.
Nitaomba.
Kukaa dirishani najua.