Mwalimu Aliyekosea

Rangi ya mwisho niliyonunua ilikuwa nyekundu,
kopo la nusu lita, duka la Barabara ya Kumi na Mbili.
Limefanya utando juu kama maziwa yaliyosahauliwa.
Saluni, bucha, fundi redio, LEO FEDHA KESHO MKOPO:
nusu ya maandishi ya Ngamiani yametoka mkono huu,
na nusu hiyo sasa imefunikwa na plastiki
inayochapwa Chumbageni kwa dakika kumi na moja.
Nilipima.

Mwantumu akasema, Baba, maduka yamehamia kwenye kioo.
Jifunze kuyaandika huko.
Akaniachia kompyuta yake, kitufe cha A kimeng'oka,
unabonyeza kisiki chake,
akaenda zamu Bombo.

Nikafungua. Lahaula.
Kozi mia tatu na arobaini, zimemwagwa kama mitumba
siku ya kupasua robota.
Siku saba tu! Punguzo! Cheti!
Bei ya jana imepigwa mstari,
bei ya leo inaisha baada ya saa mbili,
na kesho yake asubuhi nikazikuta saa mbili zile zile
zinaanza kujihesabu upya.
Mimi nimeandika BEI MAALUM kwenye kuta ngapi?
Najua rangi yake.

Ya kwanza kuionja ilikuwa na mwalimu wa meno meupe,
nyuma yake rafu, mmea, taa ya zambarau.
Kila kitu kwake rahisi. Rahisi, rahisi,
vidole vinapita kama vya mpiga kinanda,
ukurasa wake ukatoka hauna doa.
Wangu ukatoka mweupe.
Mweupe tu, kama ukuta wa duka lililofilisika.
Nikarudisha nyuma mara sita;
bando likaisha, aibu ikabaki.

Ya pili ilitaka niwe nimeshajua.
Ya tatu ikanisimulia historia ya intaneti masomo manne mazima:
mtu ameomba maji, kapewa ramani ya mto Pangani.
Ya nne nzuri, sisemi uongo,
ila bei yake kodi ya miezi miwili,
na mwenye nyumba wangu hapokei cheti.

Shemdoe, mkodisha kompyuta wa Makorora, akanishauri:
tazama nyota, yenye nyota nyingi ndiyo.
Nikamwambia, bucha la Kihiyo
nililichorea nyota tano kwa mkono wangu,
na nyama yake unaijua.

Basi usiku wa Jumanne, umeme umekatika,
betri asilimia thelathini na moja,
nikaangukia kozi isiyo hata na picha ya maana.
Sauti ya mwanamke mwenye mafua.
Jogoo anawika nyuma yake.
Akaandika, akabonyeza: patupu.
Hakuikata video.
Akasema, "Ngoja. Hapa nimekosea wapi?"
Akasoma mstari baada ya mstari, anaguna, anapenga kamasi,
dakika kumi na nane,
mpaka akaipata: alama moja ya kufunga,
ndogo kuliko punje ya mtama.
Akacheka. Nami gizani nikacheka peke yangu.

Maana mwaka wangu wa kwanza wa brashi,
kwenye mkahawa wa mama Semkiwa,
niliandika CHAKLUA
kwa herufi za futi mbili.
Barabara nzima ilisimama kusoma.
Tupa, aliyekuwa bosi wangu, hakunitukana.
Alinipa tambara na mafuta ya taa,
akakaa chini ya ngazi kunitazama nafuta
L, kisha U, polepole,
nisiiguse K, nisiiguse A.
Siku hiyo ndiyo niliyojifunza kuandika.

Nimelipa. Elfu kumi na nane.
Cheti hatoi, kasema mwenyewe.
Somo la kwanza nimelirudia mara mbili,
na saa nane za usiku, umeme umerudi,
juu kabisa ya kioo cheupe likatokea neno,
jekundu, limeegemea kushoto:

CHAKULA

Nafasi kati ya K na U haijakaa sawa.
Mkono ukaondoka wenyewe
kutafuta tambara.